Viti kwa Duara: Shajara ya Mihadhara ya Historia na Usiku wa Utamaduni Chuoni, Iringa

Sisi ni wanafunzi saba, wengi wetu tunasomea ualimu wa historia na Kiswahili katika chuo kimoja mjini Iringa. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili wenzetu wa vyuo vingine wakitaka kuanzisha jambo kama hili wasianze gizani. Mambo ya barua za ukumbi, kibali cha mshauri wa wanafunzi na saini ya mlezi sitayarudia kila mara. Anzeni wiki tatu kabla, na kila barua ibaki na nakala iliyogongwa muhuri.

6 Novemba 2023: Swali la kantini

Tarehe 1 mwezi huu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda wakati wa Vita vya Majimaji. Jioni ile kantini nzima ilikuwa inazungumzia habari hiyo. Mwenzetu mmoja wa kutoka Songea akageukia meza yetu, akasema: "Sisi watu wetu walinyongwa mwaka 1906. Ninyi Wahehe mlikuwa wapi?" Mezani palikuwa na Wahehe wanne, na wawili kati yao wako mwaka wa tatu wa historia. Hakuna aliyejibu.

Swali hilo ndilo lililouzaa mradi huu. Tumeamua kufanya mihadhara mitatu, safari moja ya kwenda kwenye maeneo yenyewe, na usiku mmoja wa utamaduni. Kila mmoja wetu ametoa shilingi 20,000 baada ya bumu (fedha za mkopo wa kujikimu) kutoka, jumla 140,000. Serikali ya wanafunzi imetupa 200,000, na mwalimu mmoja ametoa 100,000 kutoka mfukoni mwake.

25 Novemba 2023: Mhadhara wa kwanza, Majimaji

Tulichukua ukumbi mkubwa, wa watu 300. Walikuja 34, wakakaa viti vya nyuma kabisa. Mwalimu aliyealikwa alikuwa na slaidi 58, zote kwa Kiingereza. Dakika ishirini za mwanzo sikusikia hata kikohozi. Wengine walikuwa kwenye simu zao.

Alipofika slaidi ya 19 umeme ukakatika. Kipindi hiki ni cha mgao na sisi hatukuwa tumeulizia ratiba. Tulidhani shughuli imeishia hapo. Mwalimu akafunga kompyuta yake, akashuka jukwaani, akatuita tusogee karibu, kisha akaendelea kwa Kiswahili kwa mwanga wa simu. Alianza upya kabisa, kutoka Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Akaeleza maji yenyewe yalikuwa nini: maji yaliyochanganywa na mbegu za mtama na mafuta ya mbarika, ambayo watu waliamini yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Akaeleza kwamba Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyeyatoa maji hayo, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka ule ule, na vita vikaendelea bila yeye hadi 1907.

Hapo mikono ikaanza kunyanyuka. Dada mmoja wa kutoka Kilwa alisema nyumbani kwao bibi zake hawasimulii sana risasi, wanasimulia njaa. Mwalimu akamwambia bibi zake wanakumbuka sawasawa: mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi, na wengi kati ya watu 250,000 hadi 300,000 ambao wanahistoria wanakadiria kuwa walikufa, waliuawa na njaa na maradhi. Tulitoka saa moja na nusu usiku na bado watu walikuwa wanaulizana.

Kwa hiyo giza lilitufundisha mambo ambayo kikao cha maandalizi hakikuyaona. Kuanzia sasa: Kiswahili, chumba kidogo, hakuna slaidi zaidi ya tano, na viti kwa duara. Mwalimu mmoja alituonya kwamba mhadhara wa Kiswahili hautaonekana wa kitaaluma. Nimelifikiria sana neno hilo. Dada wa Kilwa asingesema habari za bibi zake kwa Kiingereza, na zile ndizo zilikuwa elimu ya siku ile.

Gharama: mabango 45,000, soda na maji 38,000, kudurufu 12,000. Jumla 95,000. Soda ziliagizwa kwa watu mia. Ulizeni kwanza muuzaji kama anapokea zinazobaki, wetu hakupokea.

16 Desemba 2023: Mhadhara wa pili, kwa nini Uhehe haukuingia Majimaji

Darasa la kawaida, viti 80 kwa duara, na vyote vilijaa. Mzungumzaji alipewa dakika 25 na maswali saa nzima. Hoja yake kuu ilikuwa rahisi kuifuata: Wahehe walikuwa wametoka kwenye vita vyao wenyewe na Wajerumani, vilivyoanza Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kuisha mtawala wao Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Majimaji ilipofika, ilikuwa imepita miaka saba tu. Boma la Wajerumani lilikuwa hapa hapa Iringa. Na kulikuwa na uadui wa zamani na Wangoni, ambao walipigana nao vita vikali kabla Mjerumani hajafika. Hakuficha kwamba wapo Wahehe waliopigana upande wa Wajerumani mwaka 1905. Yule mwenzetu wa Songea alikuwepo. Alisema jibu hilo linamuuma, lakini ni afadhali kuliko ukimya wa kantini.

Kosa letu safari hii lilikuwa maiki. Tuliiacha itembee mkono kwa mkono, na mtu mmoja akaishika dakika 14 akitoa hotuba yake. Wasichana waliokuwa wamenyoosha mikono wakaishusha. Dawa yake tuliipata pale pale: tulichana karatasi, kila mtu akaandika swali lake, tukakusanya kwenye kapu la mikate la kantini na mwenyekiti akasoma. Maswali 46 yalipatikana, mengi mazuri kuliko yale ya mdomo. Tumelifanya kuwa utaratibu. Kapu lizunguke kabla mzungumzaji hajamaliza, watu wakiwa bado na moto.

Gharama: chai na maandazi 36,000, karatasi 4,000. Jumla 40,000.

20 Januari 2024: Bango lililotukosesha

Hili nitalieleza kwa urefu, maana ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Mhadhara wa tatu ulikuwa wa fuvu la Mkwawa, linalotunzwa Kalenga, kijiji cha karibu na mji wetu. Tuliandika kwenye bango kwa herufi kubwa: JE, FUVU LA KALENGA NI LA MKWAWA KWELI? Tukachapa mabango 40 kwa shilingi 60,000, tukayabandika kila mahali, hadi kwenye milango ya vyoo vya hosteli. Tulijiona tumepata kichwa cha habari kitakachojaza darasa.

Siku ya pili, mama anayetupikia kantini aliniita pembeni. Huyu mama tunamwita Mama kwa heshima zote, na ukoo wake unatoka upande wa Kalenga. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mwanangu, babu yako akiwa amelala kaburini, ungeandika jina lake mlango wa choo?" Nilishindwa kumtazama usoni. Jioni ile tuliyabandua mabango yote 40.

Swali lenyewe ni halali, na ningependa wasomaji waelewe kwa nini. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa baada ya kifo chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, katika ibara ya 246 uliidai Ujerumani irudishe fuvu lake ndani ya miezi sita. Ni ibara ile ile iliyodai pia Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Fuvu halikurudi. Ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolifuatilia hadi kwenye jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, ambako kulikuwa na mafuvu mengi kutoka makoloni. Lilichaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya watu wa ukoo wa Mkwawa walio hai, na likakabidhiwa Kalenga mwaka 1954 kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Vipimo vya namna hiyo leo havitoshi kumtambua mtu mmoja, na ndiyo maana wanahistoria wanalijadili. Tulikosea kuliuliza swali hili barabarani kabla ya kuliuliza kwa wenyewe.

Tuliamua kwenda Kalenga kuomba radhi. Mara ya kwanza tulikwenda watatu kwa daladala, na madaftari mkononi, bila kutuma salamu kabla. Mzee tuliyemfuata alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, akatuuliza tumetumwa na nani na nani mkubwa wetu. Hatukuwa na jibu. Akasema turudi siku nyingine tukiwa tumekamilika. Hakuna neno kali lililotamkwa, lakini njia nzima ya kurudi hakuna aliyeongea.

Mara ya pili tulimwomba Mama wa kantini atutangulizie neno kupitia mjomba wake. Tukaenda na mwalimu wetu mwenye mvi, tukabeba sukari kilo 4 (bei imepanda mwezi huu, zimekula 18,000). Tulisalimia kwa "kamwene" kabla ya Kiswahili, tukakaa, na mwalimu ndiye aliyefungua mazungumzo. Sisi tulinyamaza hadi tulipoulizwa. Tulieleza kosa la bango bila kupunguza kitu, pamoja na vyoo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakatazi swali. Yeye mwenyewe alilisikia tangu akiwa kijana, na wazee wake walilijibu kwa namna yao: kilichorudi mwaka ule kilipokelewa kwa heshima za mazishi, na watu waliomlilia Mutwa (mtawala) wao walimlilia pale. Alitoa masharti matatu. Wazee wazungumze kwanza, wasomi wafuate. Picha ya fuvu isionyeshwe ukutani. Na swali liulizwe watu wakiwa wamekaa. Tulikubali yote, na sioni hata moja lililopunguza ukweli wa historia.

Gharama: mabango yaliyotupwa 60,000, daladala 9,000, teksi ya safari ya pili 40,000, sukari 18,000. Jumla 127,000. Tungeanza na sukari, tungeokoa 69,000.

3 Februari 2024: Mhadhara wa tatu, njia ya fuvu

Bango jipya linasema: "Kutoka Bremen hadi Kalenga, 1954: wazee na wasomi wakae pamoja." Walikuja watu 140. Viti vya duara vilikuwa safu tatu, wazee wawili wakakaa safu ya kwanza, si jukwaani. Walitaka wenyewe iwe hivyo.

Mzee wa kwanza alianza kwa Kiswahili, lakini alipofika kwenye maombolezo akahamia Kihehe. Tulimwekea mtafsiri wa mwaka wa tatu aliyekulia mjini. Kihehe chake cha sokoni ni kizuri, ila maneno ya msiba, ya silaha na ya vyeo vya zamani yalimshinda. Mara mbili alitafsiri kwa kukisia, na mzee akamsahihisha mbele ya watu. Hapo kosa ni letu sisi tuliopanga, maana hatukumkutanisha na mzee hata siku moja kabla. Mtafsiri na mzungumzaji wakae angalau saa mbili pamoja, wapitie maneno magumu.

Kosa la pili linaniuma zaidi. Simu iliyokuwa inarekodi ilijaa dakika ya 41. Sehemu ya mwisho ya maombolezo, ile ambayo mama mmoja upande wa nyuma alianza kuitikia kwa sauti ya chini, haipo popote isipokuwa vichwani mwa waliokuwepo. Sasa tunarekodi kwa simu mbili, zote zimefutwa picha na video usiku wa kuamkia siku yenyewe, moja ikiwa kwenye chaja, na mtu mmoja kazi yake ni kuziangalia tu.

Mtafsiri ametengeneza daftari la maneno 43 asiyoyajua. Hilo daftari limekuwa mradi ndani ya mradi.

Gharama: gari la kuwaleta na kuwarudisha wazee 50,000, posho zao 60,000, chakula na chai 55,000, mabango mapya 20,000. Jumla 185,000. Posho ilitolewa kwenye bahasha, ndani ya nyumba, kabla ya kupanda gari. Msiitoe hadharani.

24 Februari 2024: Safari ya Kalenga na Lugalo

Watu 28, kila mmoja kachangia 10,000. Kosta 180,000, viingilio, mwongozaji na chakula 97,000. Zilibaki 3,000.

Kalenga tulifika asubuhi. Mwongozaji alitusimamisha nje, akatuonyesha vilima vya upande wa Tosamaganga, jina ambalo wenyeji wanalieleza kuwa lina maana ya kutupa mawe, kwa kukumbuka mizinga iliyoipiga ngome ya Kalenga Oktoba 1894. Ukisimama pale unaelewa mara moja kwa nini ukuta haukuwaokoa: mizinga ilikuwa juu, watu walikuwa chini. Nimefundishwa vita hivi tangu sekondari, na hakuna mwalimu aliyewahi kunichorea kilima.

Lugalo iko kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro. Kuna mnara wa Wajerumani waliouawa pale pamoja na kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Tulikaa chini ya mti, tukazungusha kapu la maswali. Swali lililorudiwa kwenye karatasi tano: kwa nini mnara ni wa walioshindwa? Mjadala huo haukuisha hata kwenye kosta.

9 Machi 2024: Maandalizi ya usiku wa utamaduni, makosa mawili kabla ya kuanza

Tarehe tuliyopanga ilikuwa 16 Machi. Mwenzetu wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu alikuja kutukumbusha kwa upole kwamba Ramadhani inaanza wiki ijayo. Usiku wa ngoma na vyakula ndani ya mfungo ni kuwaacha nje theluthi ya watu wetu wa ngoma. Tumesogeza hadi 20 Aprili, baada ya Idi. Fungueni kalenda za dini zote kabla ya kuandika barua ya ukumbi.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Tulitangaza kwamba kila kabila lilete kundi lake na mshindi atapewa zawadi. Ndani ya siku nne makundi ya simu yalijaa kejeli, na za kuumiza, si zile za utani tuliozoea kati ya watani. Wanafunzi wa makabila yenye watu wawili au watatu chuoni wakasema hawana nafasi. Tulifuta mashindano siku ya tano. Utaratibu mpya: kila kundi liwe la watu kumi, na angalau sita wasiwe wa asili ya ngoma ile. Mwenyeji ni mwalimu, wageni ni wanafunzi wake. Kwa wiki tano uwanja wa mpira wa pete umekuwa na Wachaga wanaojifunza lizombe ya Wangoni, Wahaya wanaopiga muheme ya Wagogo, na Mmakonde mmoja anayefundisha sindimba kwa ukali wa kocha.

20 Aprili 2024: Usiku wenyewe

Mvua ilianza saa nane mchana na haikuacha hadi saa kumi na mbili. Turubai lilizuia watu wasilowe, ila ngoma zilikuwa zimeachwa kwenye baraza na unyevu ukaingia kwenye ngozi. Zilipopigwa zilitoa sauti ya ndoo. Mpigaji wa muheme alijua dawa: moto wa kuni nyuma ya jiko, ngoma zikazungushwa pembeni yake taratibu, mkono ukigusa ngozi kila mara isipitilize. Tatu zilirudi. Moja iliwekwa karibu mno na ngozi ikachanika. Wekeni kuni kavu tayari hata kama mbingu ni nyeupe, na ngoma zilale ndani.

Jambo jingine ni ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi. Huu ni msimu wake na tulitaka wageni waonje kinywaji cha nyumbani kikiwa bado kitamu. Tulinunua madumu mawili alfajiri, yakakaa yamefungwa hadi jioni. Ulanzi hausubiri. Ulipofunguliwa ulikuwa umeshakuwa pombe kamili, na kibali chetu hakiruhusu pombe. Tuliumwaga wote, 20,000 zikaenda na mtaro. Bahati akina mama wa kantini walikuwa wamechemsha togwa, tukawalipa 30,000, nayo ilitosha.

Watu 312 kwa kiingilio cha 1,000. Kati ya ngoma na ngoma mwenyeji alieleza kwa dakika tatu ngoma yake inapigwa lini na kwa nini; dada wa bugobogobo aliwaeleza watu kwamba jembe lile si pambo, Wasukuma waliicheza wakilima pamoja. Yule mwenzetu wa Songea aliongoza lizombe akiwa na Wahehe wanne nyuma yake, wale wale wa meza ya kantini. Walikosea hatua ya kuzunguka na aliwasimamisha, akairudia nao polepole, kisha wakaanza tena. Wazee wawili wa Kalenga walikuja bila kualikwa rasmi.

Gharama: turubai na viti 150,000, spika 80,000, kuni na kukodi ngoma 25,000, ulanzi 20,000, togwa 30,000. Jumla 305,000.

8 Juni 2024: Hesabu na yaliyobaki

Mapato yote: 1,032,000. Matumizi yote: 1,029,000. Zimebaki 3,000, na fundi wa ngoma anadai 15,000 kuwamba ngozi mpya. Tumekubaliana tulipe kutoka mifukoni kabla ya kufunga chuo, kwa sababu ngoma ile tuliikodi.

Rekodi za mihadhara ya pili na ya tatu (hizo dakika 41) zimewekwa kwenye diski mbili. Moja iko maktaba, nyingine tumeipeleka Kalenga pamoja na nakala ya maandishi. Mzee alituomba tumsomee sehemu yake yote kwa sauti, akasahihisha mahali saba.

Daftari la maneno 43: tumepata maana za 29. Yaliyobaki 14 mengi ni ya msibani. Mama wa kantini anakwenda likizo kijijini wiki ijayo na amebeba orodha hiyo kwenye pochi yake. Ana shangazi ambaye amewahi kuimba maombolezo hayo. Simu moja tupu na chaja amepewa pia.